HOMA YA MGUNDA NA PANYA WA KARIAKOO
Ugonjwa Usioonekana kwa Macho Hugunduliwaje?

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Katika masika yaliyopita wanafunzi wa darasa la fiqhi walimkuta panya amekufa, anaelea ndani ya hodhi tunalochotea maji ya udhu. Ubishi ulikuwa mkubwa siku ile. Wapo waliosema maji yote yamwagwe, wapo waliosema hodhi letu limezidi kullatayni kwa mbali hivyo hakuna neno. Maalim akaukata ubishi kama alivyotufundisha siku zote: panya atolewe, kisha maji yatazamwe rangi yake, harufu yake na ladha yake, ikiwa hakuna kilichobadilika, maji ni twahara kwa sababu ni mengi. Wote wakaridhika, isipokuwa binti mmoja wa darasa la tano aliyeuliza swali ambalo hakuna aliyelijibu vizuri: "Maalim, maji ni twahara, lakini je, hayana ugonjwa?"

Makala haya ni jibu la swali lake. Limechelewa kidogo, kwani ilibidi kwanza tusome.

PANYA TUNAOISHI NAO

Mtu anayekaa Gerezani, Kariakoo, Jangwani au Ilala hahitaji kufundishwa kuwa panya wapo. Soko kuu la Kariakoo lililofunguliwa mwaka 1975, lile lililochorwa na msanifu majengo wetu Beda Amuli, lina sehemu ya chini ya ardhi, na mitaa inayolizunguka imejaa magunia ya nafaka, matenga ya nyanya, dagaa, nazi na mabaki ya vyote hivyo. Usiku wafanyabiashara wakishafunga, wenye zamu ya pili hutoka.

Lakini tunaposema "panya" tunachanganya viumbe kadhaa. Yuko panya mweusi wa darini, mwembamba, mkia wake mrefu kuliko mwili, hodari wa kupanda nyaya na mabomba. Yuko panya mkubwa wa mifereji, mnene, mkia mfupi kuliko mwili, anayechimba mashimo ukutani na kwenye chemba za majitaka. Huyu alienea duniani kwa njia ya meli na ndiyo maana humkuta zaidi katika miji ya bandari kama wetu. Wako vipanya wadogo wa kabatini. Pembezoni mwa mji, penye majani na bustani za mchicha, yuko panya shamba. Na yuko kirukanjia mwenye pua ndefu na harufu mbaya, ambaye watu humwita panya ingawa kwa elimu ya wanyama yeye si jamaa yao kabisa. Mtafiti akikamata mnyama, jambo la kwanza analoandika katika daftari lake ni jina la aina yake, kwa sababu kila aina ina tabia zake na vijidudu vyake.

(Kwa wale wanaosoma hadithi za wanyama watano wanaoruhusiwa kuuawa hata katika haram, yaani kunguru, mwewe, panya, nge na mbwa mkali, mtagundua kuwa watatu wa kwanza ni wakazi wa kudumu wa Kariakoo.)

BAKTERIA MWENYE UMBO LA ALAMA YA KUULIZA

Ugonjwa tutakaoushughulikia zaidi ni leptospirosisi, ambao Tanzania tumeuzoea kwa jina la homa ya mgunda. Mgunda ni neno la zamani la shamba. Bakteria wake huitwa leptospira. Ni mwembamba mno, amejisokota kama waya wa chemchemi, na ncha zake zimepinda. Kwa sababu ya kupinda huko, Mmarekani Arthur Stimson alipomwona mwaka 1907 katika kipande cha figo ya mgonjwa aliyedhaniwa kufa kwa homa ya manjano, alimpa jina lenye maana ya alama ya kuuliza. Ugonjwa wenyewe ulikuwa umeelezwa na daktari wa Kijerumani Adolf Weil mwaka 1886, lakini sababu yake haikujulikana mpaka Ryukichi Inada na wenzake wa Japani walipomtenga bakteria huyu katika miaka ya 1914 hadi 1916. Wajapani haohao ndio walioonyesha kuwa panya humbeba.

Na hapa ndipo penye ajabu. Panya mwenye leptospira haumwi. Anakula, anazaa, anakimbia kama wenzake. Bakteria wamejibanza katika vijifereji vya figo zake, na kila anapokojoa anawatoa, pengine kwa maisha yake yote. Hivyo huwezi kumtazama panya ukasema huyu ni mzima na huyu ni mgonjwa. Mkojo ukianguka juu ya sakafu kavu yenye jua, bakteria hufa upesi. Ukianguka kwenye maji baridi yaliyotulia, kwenye tope la mfereji, au kwenye dimbwi la mvua, wanaweza kuishi kwa wiki nyingi wakisubiri.

Humwingia binadamu kupitia mkwaruzo au kidonda, ngozi iliyolainika kwa kukaa majini, macho, pua na mdomo. Baada ya siku kama 5 hadi 14 hivi, ingawa inaweza kuwa 2 tu au hata 30, homa hupanda ghafla. Kichwa huuma sana, misuli huuma hasa ya vigimbi vya miguu, macho huwa mekundu, mtu hutapika. Wengi hupona. Wachache macho hugeuka manjano kwa kuumwa ini, figo hugoma, au damu hutoka mapafuni, na hao huweza kufa.

Sasa soma tena dalili za mwanzo: homa, kichwa, viungo kuuma, kutapika. Kariakoo nzima mtu mwenye hayo atakwambia ana malaria. Akienda duka la dawa atapewa dawa ya malaria. Isipomponya, ataambiwa ni taifodi.

LINDI 2022 NA MOSHI 2007

Julai 2022 wilayani Ruangwa, mkoa wa Lindi, katika eneo la Mbekenyera, watu walianza kuugua homa, kichwa, uchovu na kutokwa damu puani. Habari ya damu puani iliitisha nchi nzima. Wataalamu walipima kwanza yale yanayoogopwa zaidi: Ebola, hapana; Marburg, hapana; korona, hapana. Siku chache baadaye Waziri wa Afya wa wakati ule, Ummy Mwalimu, akatangaza kuwa kilichopatikana ni leptospirosisi, yaani homa ya mgunda. Wagonjwa waliokuwa wamehesabiwa ni 20 na waliofariki ni 3.

Kwa wengi wetu lile lilikuwa jina jipya, tukadhani na ugonjwa ni mpya. Haukuwa mpya. Kati ya 2007 na 2008 watafiti katika hospitali za KCMC na Mawenzi mjini Moshi walichukua damu za wagonjwa 870 waliolazwa kwa homa, wakubwa kwa wadogo, wakazipima kwa makini katika maabara. Zaidi ya nusu yao, kiasi cha asilimia 60, walikuwa wameandikiwa kuwa wana malaria. Waliothibitika kuwa malaria ndiyo iliyowalaza ni 14 tu, yaani chini ya asilimia 2. Na miongoni mwa waliopimwa leptospirosisi, karibu 9 katika kila 100 walikuwa nayo. Wagonjwa hawa hakuna daktari aliyekuwa amewaandikia jina hilo.

Ieleweke vizuri. Moshi si Dar es Salaam, na malaria ipo na inaua, hasa watoto. Hakuna anayesema mwenye homa aache kupima malaria. Ninachosema ni kwamba kipimo kikionyesha hakuna malaria, tusikimbilie kusema kipimo kibovu. Tuna tabia hiyo. Mtu anapimwa, anaambiwa huna malaria, anaondoka na kununua dawa ya malaria.

VIPI HUGUNDULIWA

Hebu tufuate njia yote, kuanzia panya hadi mgonjwa, kwani hili ndilo somo lenyewe.

Mtafiti hutega kwa mtego wa kisanduku unaomkamata panya akiwa hai, chambo kikiwa mara nyingi siagi ya karanga iliyochanganywa na pumba au dagaa. Hutegwa jioni na kukaguliwa alfajiri. Huvaa glovu nene, kwa sababu mate na mkojo vyote ni hatari, kisha humlaza panya kwa dawa ya usingizi, humpima uzito na urefu, humchukua damu, na baada ya kumuua bila ya kumtesa humtoa figo. Viroboto nao hawapotezwi: manyoya huchanwa kwa brashi juu ya beseni jeupe na viroboto huhesabiwa.

Kipande cha figo huwekwa katika chupa yenye lishe maalumu ya bakteria, katika joto la nyuzi 28 hadi 30. Halafu ni kusubiri. Leptospira ni mvivu wa kukua. Chupa huangaliwa kila baada ya siku kadhaa kwa wiki nyingi, pengine miezi mitatu, kabla ya kusema kuwa hakuna kitu. Na kuangalia kwenyewe si kwa hadubini ya kawaida. Bakteria huyu ni mwembamba kiasi kwamba katika mwanga wa kawaida haonekani kabisa. Hutumika hadubini ya uwanja wa giza, ambamo mwanga huja kutoka ubavuni, na bakteria huonekana waking'aa kama vumbi linaloelea katika mwale wa jua unaoingia dirishani chumba kikiwa na giza.

Njia ya pili ni kutafuta kingamwili katika damu. Damu ikigandishwa, yale majimaji ya manjano yanayobaki juu huitwa seramu. Seramu hupunguzwa makali kwa maji maalumu: sehemu 1 kwa 20, kwa 40, kwa 80, kwa 160, na kuendelea. Kila kiwango huchanganywa na leptospira walio hai waliofugwa maabara. Ikiwa mwenye damu aliwahi kukutana na aina hiyo ya bakteria, kingamwili zake zitawashika na kuwagandisha pamoja katika vishada. Mpimaji huchungulia katika uwanja wa giza na kuuliza: je, angalau nusu ya bakteria wameganda? Kiwango cha mwisho ambacho bado nusu wameganda ndicho jibu.

Tatizo ni kwamba aina za leptospira wanaodhuru ni zaidi ya 250, na maabara lazima ifuge aina zinazopatikana katika nchi yake, vinginevyo itamwambia mgonjwa hana kitu huku anacho. Ndiyo maana kazi ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, ina thamani kubwa kwetu. Wataalamu wake kwa miaka mingi wametega panya, wakapima ng'ombe na wanyama wengine, na kuwatenga bakteria wa hapahapa. Aina moja iliyopatikana huko inajulikana duniani kwa jina la Sokoine. Kipimo kinachotumia bakteria wa Ulaya peke yake hakiwezi kumwona Sokoine vizuri.

Njia ya tatu ni kipimo cha vinasaba, ambacho hutafuta alama ya bakteria mwenyewe katika damu, mkojo au figo, hata wakiwa wachache, na hutoa jibu kwa saa chache.

Mwanafunzi makini atauliza kwa nini basi tusitumie moja tu. Jibu ni kwamba kila kipimo kina swali lake. Kingamwili katika damu ya panya huonyesha kuwa alikutana na bakteria, labda zamani. Bakteria katika figo huonyesha kuwa anao sasa na anawamwaga. Panya mmoja anaweza kuwa na kingamwili bila bakteria, na mwingine akawa na bakteria huku damu yake haisemi kitu. Kwa binadamu nako wakati ni muhimu. Wiki ya kwanza ya homa bakteria wako katika damu lakini kingamwili bado hazijatosha. Baadaye kingamwili zinapanda na bakteria wanaondoka katika damu kwenda kwenye mkojo. Daktari akichukua damu siku ya tatu na kutafuta kingamwili, jibu linaweza kuwa hakuna, na si kweli. Hivyo huchukuliwa damu mara mbili, ya pili baada ya wiki mbili au zaidi, na kingamwili zikiongezeka mara nne uthibitisho umepatikana.

Lakini mgonjwa haachwi wiki mbili akisubiri hesabu. Daktari akiwa na shaka ya kutosha huanza tiba, nayo ni antibiotiki za kawaida: doksisaiklini kwa walio na hali nafuu, penisilini au seftriaksoni ya sindano kwa waliozidiwa. Dawa zipo. Kinachokosekana mara nyingi ni mtu wa kuufikiria ugonjwa huu.

TAUNI, KWA UFUPI

Tauni pia hubebwa na panya, lakini njia yake ni kiroboto, na panya wa nyumbani hufa kwa tauni. Waganda wa zamani, walioiita kaumpuli, walijua kuwa panya wakianza kufa ndani ya nyumba ni wakati wa kuhama. Alexandre Yersin alimwona bakteria wake Hong Kong mwaka 1894, na Paul-Louis Simond akaonyesha kazi ya kiroboto mwaka 1898. Hapa Dar es Salaam, Robert Koch akiwa mjini mwaka 1897 na 1898 alithibitisha kuwa maradhi yaliyokuwa yakiua watu Kiziba, magharibi ya Ziwa Viktoria, yalikuwa tauni. Nairobi mwaka 1902 wakuu wa mji waliikabili tauni kwa kuchoma moto maduka ya Wahindi. Kwetu Lushoto tauni iliyoanza 1980 iliendelea kwa zaidi ya miaka 20 na kuwapata watu zaidi ya 7,000. Siku hizi kuna kipimo cha kijiti kilichobuniwa Madagaska ambacho hutoa jibu la usaha wa mtoki kwa dakika 15.

Mnakumbuka katika tarikh kuwa Sayyidna Umar (R.A.) alirudi njiani alipopata habari za tauni ya Amwas katika Sham, mwaka wa 18 Hijria, na kwamba Mtume (S.A.W.) alikuwa amekataza kuingia katika nchi yenye tauni na kutoka humo kuikimbia. Hukumu hiyo inasimama juu ya jambo moja: lazima kwanza ijulikane kuwa tauni ipo. Kwa hiyo kuitambua ni sehemu ya kuitekeleza.

Kabla sijasahau, panya nao husaidia kugundua bakteria. Shirika la APOPO pale Sokoine, Morogoro, huwafundisha panya buku kunusa makohozi ya watu wanaoshukiwa kifua kikuu, na tangu 2007 makohozi kutoka kliniki za Dar es Salaam na kwingine yamekuwa yakipelekwa kwao. Panya mmoja hunusa sampuli 100 kwa dakika kama 20, na zile anazosimama juu yake hurudiwa kwa hadubini. Ni panya waliofugwa, lakini. Panya buku wa mwituni amekutwa na leptospira Morogoro hukohuko, kwa hiyo asiokotwe mtu akamfanya rafiki.

TURUDI KWENYE HODHI

Hukumu ya maalim ilikuwa sahihi na haikubadilika. Fiqhi imetupa alama tatu za maji mengi: rangi, harufu na ladha. Leptospira habadilishi hata moja kati ya hizo. Kwa hiyo maji yanaweza kuwa twahara kwa udhu na wakati huohuo yakawa na madhara kwa mwenye kidonda mguuni au anayepandisha maji puani. Ni masuala mawili tofauti, na binti wa darasa la tano aliyatenganisha vizuri kuliko sisi. Sheria yetu imekataza mtu kukojoa katika maji yaliyosimama kisha akaoga humo. Panya hajasikia katazo hilo, basi ni sisi wa kufunika.

Hodhi letu sasa lina mfuniko wa bati na bomba la chini, hivyo mtu hatumbukizi mkono wala kata. Limekaushwa, likasuguliwa na kutiwa dawa ya klorini kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti. Klorini humuua leptospira, na haiondoi twahara ya maji.

Mengine ni ya nyumbani. Mvua ikinyesha na Msimbazi ukifurika, maji ya Jangwani na ya mitaani kwetu yamechanganyika na mashimo yote ya panya na chemba zote. Kandambili hazisaidii kitu humo. Vaa mabuti, na kama huna, zunguka hata ukichelewa darasani. Hutapigwa bakora kwa hilo, nimeongea na walimu. Kidonda kifungwe. Walio na baba au kaka wanaobeba mizigo sokoni au kuzibua mifereji wawasomee ukurasa huu. Mkojo au mavi ya panya usiyafagie makavu. Loweka kwanza kwa jiki, sehemu 1 kwa 9 za maji, subiri, kisha futa. Panya aliyekufa ashikwe kwa mfuko, si kwa mkono mtupu.

Na ukiugua homa baada ya kupita majini au kushika panya, mwambie daktari hivyo mwenyewe, hata asipouliza: nilipita maji ya mafuriko, siku fulani, nilikuwa na kidonda. Hadubini haiwezi kuyajua hayo, na bila hayo hakuna atakayeagiza kipimo.

Wadogo wa chekechea waliuliza kama si bora tuwaongeze paka. Paka wetu wawili tunawapenda na watabaki. Lakini paka wengi hukamata vipanya na panya wa darini, na wakimwona yule mnene wa mfereji hupisha njia. Pia paka mwenyewe anaweza kuambukizwa bila kuonyesha dalili. Kwa hiyo mfuniko wa hodhi uwe umefungwa kabla ya Maghribi, na zamu ya mwezi huu ni ya darasa la nne wavulana.